Mlango wa Kabati: Sababu Itangulie Zana

Katika masomo ya kazi za mikono, walimu wengi huanza na zana. Huitaja, huionyesha, kisha huwaagiza wanafunzi waige. Kwa maoni yetu, mpango huo umepinduliwa. Yafaa somo lianze na sababu, na zana ifuate.

Tuchukue mfano wa mlango wa kabati la jikoni, kazi ambayo mwanachuo aweza kuifanya nyumbani au katika karakana ya chuo. Mlango huo una fremu ya vipande vinne, viwili vya wima na viwili vya mlalo, pamoja na paneli inayojaza nafasi ya katikati. Kwa nini usitumike ubao mmoja mpana? Hilo ndilo swali la kwanza la somo. Ubao hufyonza unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na jikoni mvuke wa sufuria huzidisha hali hiyo. Kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana hutanuka na kusinyaa. Paneli ya msonobari yenye upana wa sentimita 30 huweza kubadilika kwa milimita 2 au 3 kati ya majira na majira.

Jambo hili lisikaririshwe. Kateni kutoka ubao mmoja vipande viwili vyembamba vyenye urefu sawa, kimoja kwa kufuata nyuzi na kingine kwa kuzikingama. Wanafunzi wavipime, wavilaze ndani ya maji usiku kucha, wavipime tena asubuhi. Jaribio hilo halihitaji umeme wala fedha.

Baada ya hapo vipimo vya mlango huwa na maana. Fremu yenye unene wa milimita 20 huchimbwa mfuo wenye upana wa milimita 6, yaani takriban theluthi, ili kuta za mfuo zisidhoofike. Mfuo ukiwa na kina cha milimita 10, paneli huingia 7 au 8 tu kila upande, ipate nafasi ya kutanuka. Gundi hupakwa kwenye viungo vya fremu peke yake. Paneli ya ubao haigundishwi. Ikigundishwa, itapasuka inaposinyaa. Paneli ya plaiwudi yaweza kugundishwa, kwa kuwa tabaka zake hupandanishwa kwa nyuzi zinazokingamana. Kisha waulizeni wanafunzi: mlango uliotengenezwa kiangazi na ule wa masika, upi uachiwe nafasi zaidi? Atakayejibu kuwa ni wa kiangazi, na kueleza sababu, ameelewa.

Hapo ndipo tufike kwenye rauta, mashine ya umeme inayozungusha biti kwa kasi ili kuchimba mifuo na kuchonga kingo. Biti nyoofu ya milimita 6 yatosha kwa mfuo wa kawaida. Zipo pia biti za jozi: moja huchonga nakshi na mfuo, nyingine huchonga ncha za vipande vya mlalo zikae sawasawa katika nakshi hiyo. Biti pana ya kuchongea kingo za paneli, yenye kipenyo cha milimita 80 au zaidi, isitumiwe kwa mashine ya kushika mkononi. Rauta ifungwe chini ya meza, kasi ipunguzwe hadi mizunguko kati ya 10,000 na 12,000 kwa dakika, na ubao ukatwe kidogo kidogo, kwa kuanza na kingo zinazokata nyuzi. Mguu wa biti nao ulingane na kishikio cha mashine. Mguu wa milimita 6 na ule wa robo inchi hufanana machoni, lakini ule mwembamba katika kishikio cha inchi haubanwi sawasawa na waweza kuruka.

Wapo wenzetu wasemao kwamba shule isiyo na rauta haiwezi kufundisha kazi hii. Hatukubaliani nao. Mfuo huchimbwa kwa randa ya mifuo, au kwa msumeno na patasi, na kingo za paneli hupunguzwa kwa randa ya kawaida. Mwalimu hana budi kuijua rauta, maana mafundi wengi wa mijini huitumia. Lakini mikono ya mtoto wa shule ya msingi isiikaribie.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai kazi na fikra viende pamoja. Dai hilo halijachakaa. Siku ya kutoa alama, msitazame mng'ao wa vanishi pekee. Mtikisieni mwanafunzi mlango wake, na paneli ikicheza kidogo, mwulizeni kwa nini ameiacha hivyo. Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama mlifundisha.