Gugu Maji Halifukuzwi kwa Siku Moja

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yatuhusu sana sisi tunaoishi karibu na Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria.

Asili ya gugu maji ni Amerika ya Kusini. Lilianza kuonekana ziwani humu karibu na mwaka 1990. Wengi hudhani ati linaenea kwa maua yake ya zambarau tu. Ni kweli, mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikingoja. Lakini hatari kubwa ni mikono yake. Mmea mama hutoa kikonyo kinachotambaa juu ya maji. Katika Bayolojia tunakiita stoloni. Nchani huota mtoto mwenye majani na mizizi yake mwenyewe. Mama hajazeeka, mtoto naye ashazaa! Penye jua na chakula kingi, magugu haya huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kikonyo kikikatika, mtoto hafi ng'o. Upepo humchukua akaanzishe boma kwingine.

Basi nauliza, kuna faida gani kukusanyika mara moja kwa mwaka, kung'oa machache, kuyarundika pale pale ukingoni na kwenda zetu? Mvua ikinyesha, maji hupanda na kuyarudisha. Baada ya muda mfupi mashua zimefungika tena, samaki hakuna, na mwenzetu wa darasani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Mwaka 1997 fukusi wanaokula magugu haya waliachiliwa upande wa Kenya, na baadaye yakapungua sana. Watu wakapumzika. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, yakarudi kwa fujo.

Wengine watasema serikali ilete mashine. Sawa, lakini mashine ikiyakatakata na kuacha vipande majini, si imepanda badala ya kuvuna? Na ni nani anayeyalisha? Ni sisi wenyewe, kwa maji machafu ya mji na mbolea inayosombwa kutoka mashambani.

Maoni yangu ni haya: tung'oe kila mwezi, tuyapeleke mbali na maji, na tuzuie uchafu kuingia ziwani. Adui anayetambaa usiku na mchana hashindwi na jeshi la siku moja.