Mkimbiaji wa Ridhaa Naye Asubiriwe

Wanafunzi wapenzi, juma lililopita mmoja wenu aliniuliza kwa nini tunasema "mwanariadha wa ridhaa" badala ya kusema tu "asiyelipwa". Swali lake limenirudisha kwenye barabara ya Muyinga.

Ridhaa ni kukubali kwa hiari ya moyo. Neno hili lina undugu na radhi. Mwanariadha wa ridhaa hukimbia kwa sababu ameridhia mwenyewe, wala hasukumwi na mshahara. Msilichanganye na ruhusa. Ruhusa hutolewa na mwingine, ilhali ridhaa hutoka kwako. Sisi Warundi tumeijua tofauti hiyo kwa miguu yetu: Machi 2014, baada ya makabiliano ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani mjini Bujumbura, mbio za vikundi ziliwekewa mipaka. Watu walioridhia kukimbia wakakosa ruhusa.

Kuna kosa jingine, dogo kuliko hilo, ambalo halihitaji amri ya mtu yeyote.

Mwaka fulani niliingia mbio za kilomita kumi pembezoni mwa Muyinga. Barabara za kwetu hazijui tambarare. Ukitoka Gitega, mji ulio karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, ukapita Karusi hadi Muyinga, unapanda ili ushuke na unashuka ili upande. Nilianza kwa kasi ya kijinga, nikiwafuata vijana wa sekondari. Kumbe wiki ile ile nilikuwa nimefundisha darasani kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni! Ukingo wangu ulikuwa kilomita ya nne. Nilipitwa na mzee mwenye kandambili, kisha na baiskeli iliyosheheni ndizi. Wakulima waliegemea majembe yao wakaniita "Komera!", yaani jikaze, na nawaambieni kweli, neno hilo lilinisukuma kilima kizima.

Nilipofika, utepe haukuwapo. Washindi watatu walikuwa wamekwisha kupewa zawadi, kipaza sauti kimekunjwa, na magari ya waheshimiwa yameondoka. Nyuma yangu walibaki watu kama ishirini, akiwamo mama aliyejifunga kitenge kiunoni na msichana mmoja ninayemfundisha. Msichana huyo alipofika aliniuliza, "Mwalimu, mwisho ni wapi?" Sikuweza kumwonyesha.

Nashikilia kwamba huko ni kuwadhulumu watu. Waandalizi hujitetea kwamba barabara lazima ifunguliwe na kwamba fedha ni haba. Barabara ifunguliwe, nakubali. Sisi wa nyuma tutapita kando. Lakini kumsubiri mtu kwahitaji kijana mmoja mwenye daftari, saa, na ndoo ya maji. Anayekuja wa mwisho ameandika jina lake kama wa kwanza, na kilima alichopanda ni kile kile.

Mtaniambia kwamba riadha ni ushindi, na kwamba bila washindi Burundi isingejulikana. Basi mtazameni mshindi wetu mkubwa kuliko wote. Vénuste Niyongabo alikwenda Atlanta mwaka 1996, nchi yetu iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mbio zake hasa zilikuwa za mita 1500. Nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, aliyezikosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akaingia mita 5000, mbio alizokuwa na uzoefu mdogo nazo, akatwaa dhahabu. Watu huisimulia ile dhahabu. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu ile nafasi aliyoiachia. Ikiwa bingwa aliweza kumpa mwenzake mbio nzima, mwandalizi wa mbio za kilimani ashindweje kumpa mtu nusu saa?

Hapa Gitega, katika mbio ndogo tunazoandaa na wanafunzi, sasa tunaandika majina yote na muda wa kila mmoja. Mara ya mwisho, aliyefunga orodha alikuwa mpishi wa shule. Alifika jua limekwisha kuwa kali, na utepe ulikuwa bado umeshikwa na watoto wawili, mmoja wao amechoka kusimama, ameketi chini kwenye vumbi, mkono ameuinua juu.