Usiniambie Kule Kuna Sheria

Dirisha la chumba chetu Kibokoni linatazama baraza. Kila usiku baada ya Isha wazee na mabarobaro hukaa pale chini na kahawa tungu na kashata, na mimi huku juu huwasikia kama redio nisiyoweza kuizima. Mpira, siasa, bei ya unga, nani anaoa na nani kaachwa. Lakini akirudi mtu kutoka ng'ambo, mada huwa ni moja na huishia kwa sentensi ile ile. Juzi ilikuwa zamu ya ami yangu, aliyekuja likizo kutoka Dubai. Akasifu barabara, akasifu taa, akasifu watu wanavyopanga foleni bila kusukumana. Halafu akaitoa: "Kule kuna sheria bwana. Huku hakuna." Baraza zima likaitika kama limesikia dua.

Mimi sikuitika. Na kwa heshima zote, ami, nakujibu hapa kwa sababu pale barazani msichana hapewi zamu.

Wasomaji wanijue kwanza. Nina miaka 24. Chuo nilikiacha mwaka wa pili ada iliposhindikana, na sasa naishi kwa kuandika na kutafsiri vijikazi vya watu, mwezi mmoja vipo, miezi miwili havipo. Kila wiki kuna mtu ananiambia niondoke. Mamangu anataka niende. Halati ana ejenti anayemjua. Pasipoti ninayo. Kwa hiyo haya kwangu si maneno ya kupitisha usiku, ni maisha yangu yanayojadiliwa na watu wanaokunywa kahawa chini ya dirisha langu.

Sasa, tuanze na hiyo "huku hakuna". Ami, sheria zipo, tena tele. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya kupewa pasipoti na hati za kumtambulisha. Kifungu cha 39 kinasema kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote ndani ya Kenya. Hakuna mtu aliyetunyima maandishi.

Utaniambia, maandishi tunayo lakini Mkenya hatii. Kweli? Februari 2004 nilikuwa mtoto wa miaka 3, lakini nyumbani wanasimulia mpaka leo. Waziri John Michuki alisema matatu zote zifunge mikanda na vidhibiti mwendo, zichore mstari wa manjano, dereva na makanga wavae sare, na abiria wasizidi viti. Watu wakacheka. Siku ilipofika, wenye matatu wakatii, na abiria waliozoea kuning'inia mlangoni wakafunga mikanda kama wako kwenye ndege. Tarehe 28 Agosti 2017 ikaja marufuku ya mifuko ya plastiki, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Hiyo niliiona kwa macho yangu. Bibi yangu alikitoa kikapu chake cha ukili mvunguni, akakipangusa vumbi, akaenda nacho Marikiti kama hakuna lililotokea.

Kwa nini tulitii? Kwa sababu zile sheria zilimshika kila mtu. Supamaketi kubwa ilikatazwa sawa na mama mboga. Matatu ya tajiri ilisimamishwa sawa na ya maskini. Na ya matatu ililegea lini? Pale wenye nguvu walipoanza kupita pembeni na sisi wengine tukaona. Mkenya hana ugonjwa wa kutotii. Ana macho.

Tena tutazame mtaani kwetu. Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba, mkokoteni na tuktuk haviwezi kupishana, na bado vinapishana kila siku kwa sababu kuna kanuni ya nani arudi nyuma. Akifa mtu, hakuna askari anayegonga milango, lakini jeneza halikosi mabega na nyumba ya msiba hailali na njaa. Watu wasiojua kutii wangeishi hivi? Hebu tuache kujitukana.

Na wewe mwenyewe, ami, unayesimama kwenye foleni ya Dubai kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Siku uliyofika, tuktuk iliyokuleta nyumbani ilipita njia isiyoruhusiwa kwa sababu ulimwambia dereva una haraka. Chupa ya maji uliyomaliza ukaitupa nje. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Sheria ya kule hukuileta kwenye begi, na nadhani hukuileta kwa sababu haijawahi kuwa yako. Kule unatii kwa kuwa unajua siku ukikosea watakurudisha. Hiyo ni hofu, na mimi siidharau hofu, lakini tusiipe jina lisilo lake.

Halafu kuna hiyo "kule kuna sheria". Mnaoisema sana barazani ni wanaume mliokwenda na kazi ya ofisi au biashara. Sikuwahi kuisikia kutoka kwa binamu yangu aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumba.

Siku ya kwanza mwajiri alichukua pasipoti yake. Sheria ya Saudia inakataza mwajiri kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti. Soma tena: inakataza. Sheria ipo, na pasipoti ikakaa kabatini kwa tajiri. Sasa hiyo ina tofauti gani na huku unakokulaani? Kilichokuwa na nguvu kwake kilikuwa kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa kafili wake, yaani kibali chako cha kuishi kiko mkononi mwa mtu unayemfulia nguo. Aliponyimwa mshahara miezi minne akatoroka. Mwajiri akaripoti kwamba amekimbia kazi, wenyewe wanaita huruub, na tangu saa ile aliyevunja sheria mbele ya dola hakuwa aliyekula mshahara. Alikuwa binamu yangu. Machi 2021 Saudia ilianza mageuzi ya kuwaruhusu wafanyakazi kubadilisha kazi na kusafiri bila ruhusa ya mwajiri. Wafanyakazi wa ndani hawakuhesabiwa humo. Mageuzi yalipita juu ya vichwa vya dada zetu kama ndege inavyopita juu ya Likoni.

Kwa hiyo ndiyo, ami, kule kuna sheria. Swali ni la nani.

Mtasema, basi tuachane na Ghuba, twende Ulaya, kule kuna haki za binadamu. Mwaka 2018 Uingereza iliumbuka mbele ya dunia kwa kashfa ya Windrush. Watu waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, wakakulia London, wakafanya kazi na kulipa kodi zaidi ya miaka 40, waliambiwa walete karatasi za kuthibitisha kwamba wana haki ya kuwa pale. Wengine walifukuzwa kazi, wengine walinyimwa matibabu, wengine walipandishwa ndege kurudishwa visiwa wasivyovijua tena.

Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Kwa sababu "leta karatasi" tunaijua sisi. Nilipokwenda kuomba kitambulisho nikiwa na miaka 18, wenzangu wa shule wenye majina ya bara walipita. Mimi, kwa jina langu na mtandio wangu, nilipigwa msasa. Nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yangu alizaliwa nyumbani kwa mkunga, wakati Fort Jesus ilikuwa bado jela, na hakuna aliyekaa kuandika. Nilizunguka miezi saba kuthibitisha kwamba natoka mahali ambapo hatujawahi kutoka. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani. Alhamdulillahi. Lakini haki iliyoandikwa 2010 ilihitaji tangazo miaka 15 baadaye, na mimi miezi yangu saba sirudishiwi.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Siandiki haya kwa sababu nchi hii imenitendea wema.

Tena nina langu la kukiri. Mwaka jana nilikata shauri kwenda. Ejenti wa halati akataka cheti cha tabia njema. Nikaomba, nikasubiri, kimya. Broka mmoja akaniambia niongeze 2,000 ya chai. Nikatoa. Sijui kama ile pesa ilivuka mlango wowote au iliishia kwenye mfuko wake wa shati. Siku ya tatu cheti kikaja, na huenda kingekuja tu hata bila chai. Lakini mimi nilitoa hongo ili serikali ithibitishe kwamba nina tabia njema. Na nilitoa ili niende nchi ambayo ninyi mnaisifu kwa sababu, eti, haina hongo. Usiku ule nilikitazama kile cheti nikaona aibu iliyonifanya nighairi. Hakuna ami wala rais aliyenishika mkono kutoa ile 2,000.

Ndipo nilipoanza kuelewa ninachokikataa kwenye ile sentensi. "Huku hakuna sheria" inatuosha mikono. Ukishaisema, chai unayotoa si kosa lako tena, ni hali ya nchi. Takataka si yako. Njia isiyoruhusiwa si wewe uliyeagiza. Unabaki kuwa mtu safi aliyekwama mahali pachafu, anasubiri viza.

Na wapo waliokataa kusubiri. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliuchukua Mswada wa Fedha na kuusoma. Si kuusikia, kuusoma, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za makwao, wakaueleza kwa vidio za dakika moja. Hapa tulitembea Moi Avenue hadi kwenye pembe, na kifungu cha 37 cha Katiba, kinachotupa haki ya kuandamana kwa amani, kilikuwa kimeandikwa kwenye maboksi ya katoni. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni Nairobi. Tarehe 26 Rais akatangaza hatausaini. Bei yake ilikuwa damu: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60, na wengine walitekwa majumbani mwao. Siwezi kuandika neno "ushindi" hapo bila kusita.

Lakini sikiliza kilichotokea mwezi uliofuata huko huko kwako, ami. Julai 2024 Wabangladeshi waliandamana barabarani katika Falme za Kiarabu kupinga serikali ya kwao, si ya wenyeji. Watu 57 walihukumiwa haraka haraka. Watatu kifungo cha maisha, wengi wa waliobaki miaka 10. Septemba wakasamehewa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi. Huku sheria huvunjwa na wakubwa, na ninaposema imevunjwa, nasema kama mwenye mali iliyoibiwa. Kule ni mgeni, na mgeni hapangi nyumba ya watu. Hata akisamehewa, anashukuru.

Najua jibu la baraza. "Utaila hiyo sheria?" La, sitaila. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na sehemu yake ilinunua dawa ya presha ya bibi, sehemu ikalipa stima ya nyumba hii ninamoandikia. Pesa hizo nazijua, nimekula kwazo. Watu wa pwani hii walikwenda na kusi na kurudi na kaskazi karne nyingi kabla ya kuwepo viza, na hakuna aliyewaita wasaliti. Anayetaka kwenda aende. Mungu amfungulie.

Ninachoomba ni kidogo. Ukienda, sema unafuata pesa. Ni sababu ya heshima, wala haihitaji kupakwa rangi. Ukisema unafuata sheria, unamdanganya yule msichana wa darasa la nne wa sekondari anayesikiliza dirishani, anayedhani akishavuka bahari sheria itampokea uwanja wa ndege na kumbebea begi. Mwambie habari za kafili. Mwambie aweke nakala ya pasipoti na nambari za ubalozi mahali ambapo tajiri hatazifikia. Hayo yatamfaa kuliko sifa za taa za barabarani.

Na ukibaki, kama mimi, basi usibaki umenuna. Dai risiti. Soma mswada hata kama lugha yake inachosha. Chai usitoe, na ukitoa, angalau usije kesho yake ukasema nchi haina sheria.

Mimi sijaapa kwamba sitaondoka. Mkinikuta mwakani Doha, msinisute, mtajua ada ya mdogo wangu ilifika. Pasipoti na kile cheti viko pamoja kwenye droo, chini ya leso za mamangu. Cheti kimeandikwa kwamba sina kosa lolote.

Ami anaondoka Jumamosi. Nimemwomba tuktuk ipite njia ya kawaida hata kama ni ndefu. Amecheka, akaniuliza, "Wewe mwanangu, utaibadilisha Mombasa na tuktuk moja?"

Nimemwambia sijui, lakini atoke nyumbani mapema.