Lenzi ya mdomo mpana isitufutie nyumba zetu

Mwishoni mwa mwaka wa 2021, kampuni ya Cosina ya Japani, ambayo huuza lenzi zake kwa jina kongwe la Kijerumani la Voigtländer, ilitangaza lenzi mpya ya Nokton ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1. Tangazo hilo halikuutikisa ulimwengu, lakini miongoni mwetu sisi wachache tunaoendelea kuzing'ang'ania kamera za renjifainda lilipokewa kwa vifijo. Lenzi ya Leica ya jamii hiyo, iitwayo Noctilux, huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Hii ya Cosina ilikuja kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, ingawa bado ni mshahara wa miezi kadhaa wa mwalimu wetu wa shule ya msingi.

Mimi pia nilishangilia. Leo nataka kueleza kwa nini vifijo vyangu vimefifia.

Msomaji asiyejishughulisha na mambo haya aniwie radhi kidogo. Kadiri nambari ya uwazi inavyokuwa ndogo, ndivyo mdomo wa lenzi unavyopanuka. Lenzi ya f/1 huingiza mwanga mara mbili ya ile ya f/1.4, na mara nne ya ile ya f/2. Milimita 50 ndiyo huitwa lenzi ya kawaida, kwa kuwa haivuti mambo karibu wala haiyasukumi mbali. Nayo renjifainda ni kamera ambayo mpiga picha hatazami kupitia lenzi yenyewe, bali kupitia dirisha dogo lililo kando. Katikati ya dirisha huona taswira mbili za kitu kimoja, naye huizungusha lenzi mpaka zikutane. Hilo la dirisha naomba likumbukwe, maana ndilo lililonitia hasarani.

Lenzi hizi hazikuzaliwa kwa anasa. Zamani filamu zilikuwa nzito kushika mwanga, na mwandishi wa habari aliyetaka kupiga picha ndani ya nyumba usiku bila kumulika watu nyuso alihitaji mdomo mpana. Ndiyo sababu Canon walitoa lenzi ya f/0.95 mwaka wa 1961 kwa kamera yao ya renjifainda, nao Leica wakaleta Noctilux ya kwanza ya f/1.2 mwaka wa 1966. Ile ya f/1 iliyobuniwa na Walter Mandler huko Kanada ilitoka mwaka wa 1976, ikadumu hadi mwaka wa 2008 ilipopokewa na ya f/0.95. Hata Stanley Kubrick, alipotaka kupiga sinema ya Barry Lyndon ya mwaka wa 1975 kwa mwanga wa mishumaa, alitumia lenzi ya Zeiss ya f/0.7 iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika la anga za juu la Marekani. Hiyo haikuwa renjifainda, lakini somo lake ni lile lile: waigizaji iliwabidi waketi karibu bila kutikisika, kwani wangesogea kidogo tu wangetumbukia katika ukungu.

Ukungu huo ndio bei ya mwanga. Kwa f/1, ukimsogelea mtu hadi mita moja, eneo linaloonekana kwa ukali halizidi sentimita mbili na nusu. Ukope utauhesabu; sikio hutalitambua.

Mwaka wa 2022 rafiki yangu aliniazima lenzi hiyo. Nilikwenda nayo nyumbani Mombasa na kamera ya filamu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na jioni ile stima ilikuwa imepotea, naye hakujali, akaendelea kushona kanzu kwa taa ya chemni. Niliinua kamera. Katika lile dirisha dogo nilimwona yeye, cherehani yake ya miguu, futi iliyoning'inia shingoni, mkebe wa vifungo, na kalenda ukutani ambayo hakuibandua kwa miaka mingi. Vyote vilikuwa wazi kama mchana, kwani dirisha la renjifainda halina ukungu. Nikafungua lenzi mpaka mwisho, nikapiga.

Filamu ilipooshwa nilikuta jicho moja. Ni jicho zuri ajabu, lenye chembe ya mwali wa taa ndani yake. Kilichosalia kilikuwa moshi wa rangi ya dhahabu. Mikono iliyotushonea sare za shule sote saba haikuwapo.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Siku ya arobaini niliipeleka picha hiyo, nimeitia fremu. Shangazi aliishika kwa muda, akaipeleka dirishani, kisha akaniuliza kwa upole, "Hapa ni wapi?" Hayo tisa, kumi ni kwamba mpwa wangu alikuwa amempiga babu yake picha usiku ule ule kwa simu ya bei rahisi. Ni picha mbovu, ina chembechembe kama mchanga. Lakini mkebe wa vifungo umo, kalenda imo, mikono imo. Hiyo ndiyo iliyotundikwa ukutani.

Watanijibu kwamba kosa lilikuwa la mpiga picha, lenzi haina lawama. Nakiri. Ningeiweka kamera juu ya meza, nikaubana mdomo hadi f/4, nikamwomba mzee atulie kwa nusu sekunde badala ya sehemu moja ya thelathini niliyotumia. Mtu aliyetunga uzi katika sindano maisha yake yote angeshindwaje kutulia nusu sekunde? Sikumwomba kwa sababu nilikuwa nimelewa sifa za lenzi.

Na sifa hizo ndizo ninazozilalamikia. Siku hizi kamera za dijitali hushika mwanga hafifu kiasi kwamba lenzi ya f/2 huwatosha wengi hata usiku. Basi mwanga si hoja kubwa tena. Kinachouzwa ni ukungu wenyewe, ambao Wajapani huuita boke. Simu nazo zina programu za kuutengeneza kwa hila. Tazama albamu za harusi zetu: bibi harusi anaelea katika wingu, hakuna mkeka, hakuna mashangazi, hakuna ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya siku hiyo. Angeweza kuwa ameolewa popote.

Sisemi lenzi hiyo itupwe. Ipo siku mwanga utakuwa haba kweli na mtu hataweza kutulia, mathalani mtoto anayecheza kando ya jiko, na hapo nitaiazima tena kwa shukrani. Kwa sasa nimeirudisha kwa mwenyewe.

Mwezi ujao nitasafiri hadi kwa shangazi huyo, ambaye bado hupika vitumbua alfajiri kabla ya adhana. Nitakwenda na lenzi yangu ya zamani ya f/2 na kigoda cha kuwekea kamera. Nimemwarifu kwamba itambidi atulie kidogo. Amenijibu kuwa yeye anaweza, ila mafuta yakishachemka hayamsubiri mtu.