Petroli Iliyopatikana Baada ya Saa Sita Usiku

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli

Mheshimiwa,

Natoka Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Mimi ni mpishi. Napika mahamri, mbaazi za nazi na sambusa, na chakula changu huvuka Daraja la Nyali kwa tuktuk asubuhi mapema. Nakuandikia kwa heshima ya cheo chako, na heshima hiyo naishikilia kwa nguvu, maana nina hasira.

Tarehe 14 Julai 2025 mlitangaza kwamba petroli itapanda kwa shilingi 8 na senti 99 kwa lita, kuanzia saa sita za usiku. Jioni hiyo kijana anayenibebea vyakula alikwenda kujaza tangi katika kituo kimoja hapa kisiwani. Akakuta pampu zimewekewa koni. "Mama, wanasema mafuta yamekwisha," akaniambia. Akajaribu kwingine, jibu likawa lilo hilo. Alfajiri aliporudi kituo cha kwanza, koni zimeondolewa na foleni imetoka mpaka barabarani. Petroli ipo, kwa bei mpya. Mlinzi wa usiku akamwambia hakuna lori lililokuja kushusha.

Mimi nilikuwa na oda ya kifungua kinywa cha semina kule Nyali. Chakula kilifika watu wamekwishaingia ukumbini, na wenyewe wameshaagiza kwingine. Nikarudisha arubuni. Unga, nazi, mafuta ya kupikia na ujira wa wasichana wawili waliokesha nami jikoni, vyote nikavibeba mimi. Mteja yule hajanipigia tena.

Wenye kituo ndio walioficha mafuta, na dhambi hiyo ni yao. Lakini nafasi ya kuficha wameipata kwenu. Mnatangaza bei tarehe 14, mnaacha saa kadhaa zipite hadi usiku wa manane, na kila mwenye tangi anajua kwamba lita atakayoizuia jioni itamletea karibu shilingi tisa zaidi kukipambazuka. Wala msiniambie kuwa Serikali haina mkono. Aprili 2022, nchi nzima ilipokosa mafuta, mkuu wa kampuni moja kubwa, raia wa Ufaransa, alifukuzwa nchini kwa tuhuma za kuficha mafuta. Mkono upo.

Sasa nije kwenye nauli, maana hapo ndipo ninapoumia kila siku. Asubuhi ileile kijana wangu alinipandishia. Simlaumu, naye ana watoto. Lakini nauli ikishapanda haishuki. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217 na senti 36 Nairobi. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, ilikuwa shilingi 180 na senti 66. Imeshuka kwa zaidi ya shilingi 36, na mimi kutoka Kibokoni hadi Nyali sikupunguziwa hata shilingi kumi. Kisha Julai 2025 bei ikapanda tena, na nauli ikapanda juu ya ile ambayo haikuwahi kushuka. Mafuta yakipanda, nauli inapata habari usiku huohuo. Yakishuka, haisikii.

Utasema nauli si kazi ya Mamlaka. Najua. Lakini karatasi yenu ya kila mwezi ndiyo anayoitaja kila kondakta anapodai zaidi, na hakuna hata mmoja anayeitaja bei inapopungua.

Njoo usimame Buxton alfajiri. Utawaona mafundi na wafanyakazi wa nyumbani wakitoka Kisauni na Kongowea kwa miguu. Kwenye feri ya Likoni pia, anayevuka kwa miguu halipi, lakini kutoka hapo hadi Marikiti analipa, kwa hivyo anatembea. Mmoja wa wasichana wangu anatoka Mishomoroni. Ameniomba aje siku tatu tu kwa wiki, kwa sababu nauli inamla karibu theluthi ya ninachomlipa. Ni fundi wa mahamri ambaye sitampata mwingine kama yeye, na ninampoteza kwa ajili ya nauli.

Mengine nitayataja tu. Wavuvi wetu wanapiga hesabu ya petroli ya mashine kabla ya kutoka, na tunailipa kwenye bei ya samaki. Mafuta ya taa, ya watu wasiomudu gesi, yalipanda kwa shilingi 9 na senti 65 usiku uleule wa tarehe 14 Julai.

Tunajua vita vya Israeli na Iran vya Juni 2025 viliitikisa bei ya dunia. Lakini si Iran iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, wala iliyoongeza ushuru wa matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka uliofuata. Tangu 2020 tunalipa shilingi 5 na senti 40 katika kila lita kwa ushuru wa maendeleo ya petroli, tukaambiwa ni akiba ya kutukinga bei ikiruka. Iliruka Julai 2025. Mimi kinga sikuiona. Sisi tunaozitazama meli za mafuta zikifunga gati Kipevu tunapunguziwa kama shilingi tatu tu kuliko mtu wa Nairobi, halafu hata hiyo bei jioni ya tarehe 14 tunanyimwa.

Bei mpya ianze kutumika dakika ileile inapotangazwa. Kama sheria haiwaruhusu, itangazeni saa sita za usiku. Kituo kitakachosema hakina mafuta, mkaguzi apime tangi lake palepale, na kikipatikana kimeficha, jina lichapishwe pamoja na bei. Na mwezi ambao mafuta yatashuka, kaeni na mamlaka ya usalama na uchukuzi (NTSA), kaunti na vyama vya matatu na tuktuk, mtuambie siku hiyohiyo nauli inashuka kwa kiasi gani.

Tarehe 14 ijayo, mtume mkaguzi wako kisiwani kabla ya magharibi. Kituo kile nitamwonyesha mwenyewe.

Mpishi, Kibokoni