Jibu la Mmoja Mikononi mwa Mwingine

Mwanafunzi aandikapo programu yake ya kwanza huijaribu peke yake: huuliza, hujibiwa, hufurahi. Mwalimu naye humpa alama zote. Kwa maoni yangu, alama hizo hutolewa mapema mno.

Tuchukue mfano wa dirisha la maabara katika zahanati yoyote hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Tuseme majibu hutolewa kwa kufuata mstari tu, pasipo kutaja majina. Mgonjwa wa tatu akichoka kungoja akaondoka, jibu lake hukabidhiwa wa nne, na la wa nne hupewa wa tano. Vipimo havina kosa hata kimoja. Lakini siri za watu zimevuja, na mtu aweza kumeza dawa isiyo yake.

Jambo la namna hiyo lilitokea tarehe 20 Machi 2023 katika huduma ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ya Marekani. Huduma hiyo ilitumia redis-py, maktaba ya programu zilizoandikwa ili zitumiwe na wengi, kuwasiliana na ghala la data liitwalo Redis. Maombi ya watu mbalimbali yalipita katika njia za pamoja, na majibu yakarudi kwa zamu. Ombi lilipofutwa baada ya kutumwa, lakini kabla ya jibu lake kupokelewa, jibu hilo lilibaki njiani likachukuliwa na ombi la mtu mwingine. Baadhi ya watumiaji wakaona vichwa vya mazungumzo yasiyo yao. Aidha, huenda majina na tarakimu 4 za mwisho za kadi za malipo za baadhi ya wateja zilionekana kwa wengine.

Wako watakaosema kuwa hayo ni ya ng'ambo. Sivyo. Malipo ya simu na kumbukumbu za hospitali zetu nazo hupita katika programu zinazohudumia wengi kwa wakati mmoja. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haiandiki programu. Huandikwa na vijana tunaowafundisha.

Basi, walimu wenzangu, tuwafundishe mambo mawili: kila jibu libebe alama ya mwenyewe, na njia iliyokatizwa ifungwe, isitumiwe tena. Kisha darasa zima liijaribu programu kwa mpigo mmoja, na wengine wakatishe maombi yao katikati. Kila mmoja akipata lililo lake, ndipo tutoe alama.