Gitaa Lisilo na Waya

SAUTI YA PILI
Na Rehema Mkwizu

Jumapili iliyopita nilikwenda Temeke kumjulia hali mzee mmoja aliyepiga gitaa la ridhim kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi. Televisheni ilikuwa imewashwa sebuleni, na kundi la vijana lilikuwa likitumbuiza kwenye kipindi cha mchana. Mzee alinyamaza, akasogeza kiti mbele, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, hebu liangalie lile gitaa. Waya uko wapi?"

Nikaangalia. Gitaa la umeme lilikuwa limening'inia shingoni mwa kijana, vidole vinatembea kwenye nyuzi, na tundu la kuchomekea waya liko wazi. Mpiga drams naye alikuwa akipiga matoazi ambayo mlio wake ulikuja mapema kidogo kuliko fimbo. Mzee hakucheka. Alisema yule kijana pengine anajua sana kupiga, ila hakuna aliyempa nafasi ya kusikika. Kisha akaomba tubadilishe kituo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanamuziki ninaowafahamu mambo mawili: kwa nini muziki wa laivu umekuwa adimu kwenye televisheni zetu, na kama mwanamuziki anahitaji kusoma nadharia ya muziki. Nilidhani ni maswali yasiyohusiana. Kadiri nilivyowasikiliza ndivyo nilivyoona yanaingiliana, na kwamba sehemu ya jibu iko kwa watu ambao sikuwa nimewafikiria kabisa, wale wanaokaa chumba cha mitambo.

Wanaotetea plei beki, yaani kuigiza kupiga huku wimbo uliorekodiwa ukichezwa, wana hoja, na ni haki wasikilizwe. Miaka kadhaa iliyopita niliisindikiza bendi ndogo ya watu saba kwenye kituo kimoja ambacho jina lake nitaliacha. Tuliambiwa tufike saa nne asubuhi kwa ajili ya kipindi cha saa tano. Fundi sauti alikuwa na maiki nne, mbili kati yake zile ndogo za kubana kifuani wanazovaa watangazaji. Drams zikawekewa maiki moja tu, juu, ikawa inayasikia matoazi na kuisahau ngoma kubwa ya mguu. Besi haikusikika kabisa. Mwimbaji hakuwekewa spika ya monita ya kumrudishia sauti yake mwenyewe, hivyo akaimba kwa kubahatisha, na kufikia ubeti wa pili alikuwa ameshuka chini ya magitaa karibu nusu toni. Jirani yangu aliyekuwa akitazama nyumbani aliniambia jioni kwamba yule dada hajui kuimba.

Anajua. Nimemsikia ukumbini akiimba mpaka saa nane za usiku bila kuteleza. Siku ile hakuwa anajisikia, na mtu aliyesimama kati ya drams na tarumbeta asipoisikia sauti yake hawezi kuishika. Bendi ile ilipoitwa mara ya pili ilikuja na flashi yenye wimbo uliorekodiwa. Siwalaumu. Laivu mbovu ya dakika nne inaweza kuliharibu jina la mwanamuziki kwa mwaka mzima, hasa siku hizi ambapo kipande chake kitasambazwa kwenye simu kabla hajafika nyumbani.

Lakini tusikubali kwamba hali lazima iwe hivi. Muziki unaopendwa na wazazi wetu hadi leo ulipigwa laivu mbele ya mitambo ya utangazaji. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Tulichokuwa nacho ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zikiwemo NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park ziliingia studio ya RTD na vyombo vyao vyote, zikapiga pamoja, mwimbaji na magitaa na midomo ya bata kwa wakati mmoja. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Maiki zilikuwa chache na mitambo ya kawaida sana ukilinganisha na ya leo, ila waliokuwa nyuma ya kioo walikuwa watu wanaosikiliza muziki kwa kazi yao ya kila siku. Zisikilize rekodi hizo kwa makini: besi iko mahali pake, magitaa mawili hayagombani, na neno la mwimbaji halipotei.

Sasa nije kwenye nadharia, kwa kuwa hapo ndipo wanamuziki wetu hupandisha sauti.

Wasioitaka husema muziki unatoka moyoni, karatasi inauua. Humtaja Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, ambaye hakukanyaga chuo chochote cha muziki na bado dunia ikamtunuku tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Hutaja pia wazee wa Morogoro, kina Salum Abdallah wa Cuban Marimba, waliojifunza kwa kusikiliza santuri za Kikuba za GV kwenye gramafoni, wakirudia na kurudia mpaka zikawaingia. Hoja hii ninaiheshimu kwa sababu inasema kweli kuhusu sikio. Nimewaona vijana waliohitimu vizuri ambao, ukiwaondolea karatasi au mwimbaji akiruka ubeti, husimama wasijue pa kushika. Mtu wa namna hiyo bado hajawa mwanamuziki.

Ninachokikataa ni ile dhana kwamba wazee hawakuwa na nadharia. Bi Kidude alikaa karibu na Siti binti Saad akisikiliza na kuiga, na kusikiliza kwa namna hiyo ni shule. Taarab yenyewe imejengwa juu ya elimu nzito. Masimulizi ya Zanzibar yanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri kwenda kusomea kupiga kanuni. Chombo hicho kina nyuzi zaidi ya 70, na pembeni vibati vidogo ambavyo mpigaji huviinua na kuvishusha ili kupata maqamu anayoitaka: rasti, bayati, hijazi. Baadhi ya sauti za maqamu hizo ziko katikati ya vibao viwili vya kinanda cha kawaida, kwa hiyo anayepiga kanuni lazima ajue anaelekea wapi kabla wimbo haujaanza. Hiyo ni nadharia. Na yule mzee wangu wa Temeke, anapoeleza kwamba gitaa la pili lilijibu solo kwa kupanda sauti tatu juu, na kwamba chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, liliingia baada ya mizunguko minne, anaeleza mpangilio wa muziki kwa lugha aliyoipata kazini.

Kuna pia nadharia nyingine ambayo Watanzania maelfu wanayo bila kujihesabu kuwa wasomi wa muziki. Nililelewa kwenye kwaya, upande wa sauti ya pili, ndiyo maana safu hii inaitwa hivyo. Mwalimu wetu alikuwa akiandika ubaoni kwa chaki herufi d, r, m, f, s, l, t, na nukta za kuonyesha mapigo, na watu wazima waliotoka shambani au dukani walisimama wakasoma wimbo wasioujua na kuuimba kwa sauti nne. Mtindo huo ulianzia kwa mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha John Curwen akauendeleza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari waliupenda kwa sababu unachapika kwa herufi za kawaida, hauhitaji mistari mitano. Mwaka 1897, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo na kuuandika kwa herufi hizo hizo. Melodia yake ndiyo tunayoisimamia wima kila inapopigwa Mungu Ibariki Afrika. Nikisikia mtu akisema kusoma nota si jambo letu, humkumbusha wimbo wa taifa.

Tatizo ni kwamba elimu hiyo ya kwaya na ile ya bendi hazijakaa meza moja. Mwanakwaya anasoma nota lakini hajui kuingia kwenye chemko kwa kusikia. Mpiga solo anasikia kila kitu lakini hana jina la kumwambia mpiga kinanda mgeni. Hapo ndipo televisheni inapoingia.

Wimbo wa dansi ukumbini unaweza kwenda dakika kumi au zaidi. Televisheni inakupa nne. Bendi yenye lugha ya pamoja hukubaliana mlangoni: utangulizi ufupishwe, beti mbili, chemko vipimo 16, tutokee kwenye kiitikio. Mwimbaji akiwa na mafua, atasema tushushe toni moja, na kila mtu atajua vidole viende wapi. Bendi isiyo na lugha hiyo italazimika kuupiga wimbo mzima mara tano ndipo ielewane, na kituo hakina saa hizo za kuwapa. Wanarudi kwenye flashi. Mpiga besi mmoja niliyezungumza naye, mtu aliyezunguka bendi nyingi, aliniambia hakusoma nadharia ili apige vizuri zaidi. Aliisoma ili asiwapotezee wenzake muda. Sijasikia sababu bora kuliko hiyo.

Na upande wa pili wa kioo je? Umewahi kuona solo linalia vizuri, moto kabisa, na kamera imebaki usoni mwa mwimbaji aliyefunga mdomo? Linapokaribia kwisha ndipo kamera inamkimbilia mpiga gitaa, ikamkuta anajifuta jasho. Kosa hilo si la mpiga kamera peke yake. Kwenye matangazo ya okestra katika vituo vikubwa vya Ulaya, msaidizi wa mwongozaji huweka karatasi ya nota mbele yake na kuhesabu vipimo kwa sauti, ili kamera iwe tayari kwa mpiga filimbi kabla hajaipeleka mdomoni. Anayehitaji nadharia pale ni mfanyakazi wa televisheni. Kwetu tumeitupa lawama yote kwa mwanamuziki, eti hakusoma, wakati anayepanga sauti na anayepanga picha hajawahi kuulizwa kama anajua chemko ni nini.

Kwamba inawezekana, tumeshaona. Coke Studio Africa, iliyorekodiwa Nairobi, iliwakutanisha wasanii wa nchi mbalimbali na bendi moja ya studio, wakapewa muda wa kufanya mazoezi, na waliosifika kwa muziki wa kompyuta tukawasikia wakiimba na watu wanaopiga vyombo kwa mikono. Kampuni ya soda ilikuwa na fedha ambazo vituo vyetu vingi havina, hilo ninalikubali. Lakini tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limekuwa likifanyika Zanzibar kila Februari, isipokuwa 2016 lilipokwama kwa kukosa fedha, lilishikilia msimamo kwamba jukwaani muziki upigwe laivu. Wasanii waliokuwa wamezoea kuimba juu ya CD walilazimika kutafuta bendi au kubaki nyumbani. Wengine walitafuta.

Walimu tunao. Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha Mji Mkongwe tangu 2002, taarab na kidumbaki zikikaa pamoja na usomaji wa nota. Bagamoyo kuna TaSUBA, Makumira mkoani Arusha wanatoa shahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanaosomea muziki. Ni vituo vingapi vya televisheni vimewahi kumpeleka fundi wake hata mmoja akakae darasani miezi mitatu na wapiga vyombo? Ninauliza nikitaka kujibiwa, na safu hii itachapisha jibu la kituo chochote kitakachoandika.

Kwa wakuu wa vituo, ombi langu ni dogo. Tengeni saa moja kwa wiki. Kama kipindi ni saa tatu usiku, bendi iitwe saa sita mchana, ifunge vyombo, ijaribu sauti, ipige wimbo mzima mara mbili mwongozaji akiwa amekaa mbele yao na kalamu. Drams ziwekewe maiki zake. Kila mwimbaji apate monita. Na mgeni wa kwanza asiwe nyota, awe mwanamuziki wa bendi aliyezoea kupiga usiku kucha, kwa sababu huyo ndiye atakayewafundisha mafundi wenu haraka zaidi.

Kwa vijana wenye vipaji: mtafuteni mwalimu wa kwaya wa mtaani kwenu, awe wa dini yenu au asiwe, mkamwombe jioni mbili kwa wiki. Halafu mpelekeni kwenye mazoezi ya bendi, asikie mnachokijua ninyi.

Na wewe msomaji, una simu mkononi. Mwanamuziki wa plei beki na fundi wake watabadilika pale watakapojua kwamba kuna anayeona. Usiku huu ukiliona gitaa la umeme lisilo na waya, namba ya kituo hupita chini ya kioo. Ipige, uwaulize waya uko wapi.